Kifua Changu na Dirisha la Mzee Shechambo

Nilisikia msumari ukilia kabla sijaona chochote. Ulilia kwa sauti nyembamba ya ukaidi, kama mbuzi anayevutwa kamba kwenda asikotaka. Ukanyamaza, kisha mwingine ukaanza. Nje kulikuwa kumekucha zamani, lakini chumbani kwangu giza lilikuwa bado limelala, maana dirisha pekee lilikuwa limepigiliwa mbao tangu Julai. Msumari wa nne ulipong'oka, ubao ukaangukia majani ya maboga, na mwanga ukanijia usoni kama maji ya kunawa. Katikati ya mwanga ule niliona kofia ya sufu, na chini ya kofia uso wa Mzee Shechambo, misumari mitatu iliyopinda ikiwa midomoni mwake.

"Onga makeo," alinisalimia kwa Kisambaa, bila kufungua meno.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jifunike vizuri, baridi itaingia. Ndiyo niliyokuja kuiingiza."

Ninaandika haya sasa, wakati naweza tena kupanda kilima cha kwetu bila kusimama njiani na kujifanya natazama mandhari. Ninamwandikia yule ambaye kikohozi chake kimepita wiki ya pili, na ambaye nyumbani kwao wameshaanza kukitafutia jina lingine.

Kwetu ni kwenye mgongo wa mlima, upande wa kuelekea Mlola. Nilirudi pale kutoka Dar es Salaam mwanzoni mwa baridi, nikiwa na begi moja na riwaya ambayo haikuwa imekwisha. Mama anaishi peke yake tangu baba afariki. Alinipa chumba cha nyuma, akamwita Mzee Shechambo, jirani yetu, fundi seremala na mzee wa kanisa, aje apigilie mbao dirishani. Upepo wa Julai kwetu ukishaingia hauagi. Na mama ana sheria moja anayoisema tangu nikiwa mtoto: anayetoka afunge mlango nyuma yake. Ukiuacha wazi umewaachia wenzako baridi, na mtu anayewaachia wenzake baridi hawapendi.

Kikohozi kilikuja Agosti, tukakipa tangawizi. Septemba pete yangu iliteleza kidoleni ikazama kwenye beseni la vyombo. Sketi nikaanza kuifunga kwa pini. Kila asubuhi shuka lilikuwa limelowa kana kwamba nimelala mtoni. Nilikuwa nakaa mezani kuandika, nikiinuka bila hata ukurasa mmoja. Mama alikuwa akinitazama ninavyokula, na mimi nilikuwa nikimtazama anavyonitazama. 

Oktoba, mvua za vuli zilipoanza, tulishuka Lushoto hospitali. Mwenye kuugua ugonjwa huu atalijua benchi lile: lipo nje, chini ya paa la bati, mbali kidogo na wengine, na kila anayepita hupunguza mwendo ili aone nani amekaa. Nilipewa kikopo chenye kifuniko, nikaenda nacho nyuma ya jengo kukohoa makohozi peke yangu, kama mtu anayejifunza kazi ya aibu. Tulirudi kesho yake. Nesi, mama mnene mwenye sauti ya upole, alituita ndani, akafungua dirisha kwanza, ndipo akasema ni kifua kikuu na kwamba kinatibika. Vidonge kila asubuhi kabla ya kula, miezi sita, bila kuruka hata siku moja.

"Mfungue madirisha nyumbani," alisema. "Na wote wanaokaa naye chumba kimoja waje wapimwe, hasa watoto wadogo. Nani anakaa naye?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Mimi tu," alisema. "Mimi peke yangu."

Mama hajawahi kusema uongo mbele yangu, hata wa kumfukuza muuza vyombo. Nikatazama mikono yake. Ndiyo mikono inayoosha vikombe vya Meza ya Bwana katika mtaa wetu wa kanisa. Kila baada ya Chakula cha Bwana huvileta nyumbani ndani ya kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe, huviosha kimoja kimoja, vikombe vidogo kama vifuniko vya chupa, kisha huvipanga juani. Alipokuwa msichana shangazi yake aliugua kifua, na kwa miaka mingi baada ya mazishi hakuna mtu aliyenywa hata maji kwenye ile nyumba. Njiani kurudi aliniambia neno moja tu: "Tutasema vidonda vya tumbo."

Nami nikakubali. Hili ndilo ninalotaka ulisikie kutoka kwangu: nilikubali.

Kwa maana mama hakuwa peke yake na mimi. Kila Alhamisi saa kumi jioni kulikuwa na jumuiya, watu kumi na wawili wa kitongoji chetu wanaosoma Neno nyumba kwa nyumba. Tangu nianze kulala kitandani mchana, walikuwa wanakuja kwetu kila wiki kuniombea, wote, ndani ya chumba changu. Walibanana kwenye mabenchi mawili na ukingo wa kitanda, mlango umefungwa vizuri kwa ajili ya ukungu, dirisha limepigiliwa, wakaimba mpaka mbao zikatoa jasho. Dada Eliza, jirani wa bondeni na mwimbaji wa sauti ya pili, alikuwa akija na Glori, binti yake wa miaka mitatu. Glori alikuwa amenichagua. Alikaa mapajani pangu toka wimbo wa kwanza hadi amina ya mwisho, akichezea vifungo vya sweta langu.

Waliposikia vidonda vya tumbo, upendo ukazidi. Eliza alileta maziwa kila asubuhi, maana maziwa hutuliza vidonda. Mtu mmoja alileta ndizi za kuchemsha bila chumvi. Mama aliniwekea vidonge kwenye kisosi, akaviita "dawa ya tumbo" hata tulipokuwa wawili tu. Nesi alikuwa amenionya kuhusu mkojo, lakini asubuhi ya kwanza nilipiga kelele chooni. Ulikuwa mwekundu wa machungwa, kana kwamba ndani yangu kuna mtu anafua kitenge kinachochuja. Na dirisha lilibaki vile vile.

"Nesi alisema tulifungue," nilimkumbusha mama.

"Watauliza kwa nini."

Alhamisi mbili zilipita hivyo. Nilijaribu kukohoa ndani ya kanga. Nilimwambia Glori magoti yananiuma, akahamia begani.

Alhamisi ya tatu somo lilikuwa lile la mtu aliyepooza, ambaye rafiki zake wanne walimbeba kwenye mkeka, wakakuta nyumba imejaa watu, wakapanda juu, wakatoboa paa na kumshusha mpaka mbele ya Yesu. Jumuiya yetu haihubiri. Ina desturi yake: somo likishasomwa, kila mmoja huulizwa, "Neno limekukuta wapi wiki hii?" na lazima ataje mahali. Shambani, mnadani, kwenye foleni ya mashine. Ukisema "moyoni" unachekwa, unaambiwa moyo hauna anwani.

Mzee Shechambo alianza kama anavyoanza kila mwaka somo hilo likija.

"Mimi nauliza tena. Lile paa, nani alilirudishia?"

"Baba, kila mwaka!" Eliza alicheka.

"Kila mwaka, na hakuna anayenijibu. Mwenye nyumba amekaa zake, anamsikiliza Bwana, mara udongo huu kichwani. Mgonjwa amepona, ameondoka na mkeka wake. Mvua ikija? Biblia imenyamaza. Fundi hajaandikwa."

"Labda walimwita Mzee Shechambo wa kule," alisema mwinjilisti, kijana anayetuongoza.

"Basi bado wanamzungusha malipo yake."

Walicheka wote. Eliza akasema lake. "Neno limenikuta kwenye pikipiki. Juzi Glori alikuwa na homa, nikambana katikati, mimi nyuma, dereva mbele. Nikasema, wale wanne walikuwa na bahati, walikuwa na mkeka. Mimi nina mgongo wa dereva." Alinigeukia. "Na wewe, mdogo wangu? Limekukuta wapi?"

Glori alikuwa amelala kifuani pangu, mdomo wazi. Nilihisi pumzi yake shingoni, ikiingia na kutoka, ikiingia na kutoka. Nilikuwa nimeandaa maneno ya shukrani. Yakakataa kutoka.

"Dada Eliza, mchukue mtoto."

"Kakojoa?"

"Hapana. Mchukue tu."

"Mwache alale bwana, anakupenda."

"Mchukue, dada. Sina vidonda vya tumbo. Nina kifua kikuu. Tumejua wiki tatu sasa."

Sikumbuki nani alisimama kwanza. Nakumbuka benchi likikwaruza sakafu, na Eliza akimng'oa Glori kwangu kwa nguvu hadi kifungo kimoja cha sweta kikabaki mkononi mwa mtoto. Nakumbuka mwinjilisti alianza, "Tuombe," kisha hakuendelea. Walitoka mmoja mmoja bila kusukumana, watu wenye adabu. Na kila aliyetoka aliuacha mlango wazi. Ukungu ukaingia ukakaa kwenye mabenchi, mahali walipokuwa wamekaa.

Mama alikuwa jikoni anamimina chai ya watu kumi na wawili. Alikuja na sinia, akasimama katikati ya chumba kitupu.

"Umewaambia," alisema.

"Nimewaambia."

Alirudisha chai ndani ya sufuria, kikombe kwa kikombe. Siku mbili hakunisemesha. Vidonge tu, kwenye kisosi, na maji.

Jumamosi asubuhi ndipo misumari ilipolia.

Mzee Shechambo alitoa mbao zote, akaziegemeza ukutani, kisha akaweka viwiko kwenye dirisha kama mtu aliyekuja kununua kitu dukani.

"Mimi ndiye niliyepigilia," alisema. "Nimelala nikifikiri. Miaka yote nauliza nani alirudishia lile paa. Sijauliza nani alilitoboa. Wale walikuwa mafundi, Tumaini. Asiye fundi akitoboa paa la watu anamwangushia mgonjwa boriti. Walijua pa kupiga."

"Baba, wewe huogopi?"

"Naogopa sana. Ndiyo maana niko nje." Akatema msumari kiganjani. "Jumatatu jumuiya nzima inashuka kupimwa. Mwinjilisti ameshaanza kukohoa kwa hofu, tumemkataza asikae mbele kwenye gari."

"Na Eliza?"

Alivua kofia, akaiangalia. "Eliza amekwenda jana. Hakutaka kungoja."

Swali moja tu lilibaki ndani yangu tangu siku ile, na halikuwa kama nitapona. Nilikuwa nimeshusha nini kwenye kifua cha Glori?

Watu wote wa jumuiya walikutwa wazima, na mama pia. Glori alipigwa picha ya kifua. Hakuwa mgonjwa, lakini kwa kuwa alikuwa mdogo na amekaa mapajani pangu wiki zote zile, akapewa dawa za kinga, za kumeza kila siku kwa miezi. Tutaangalia, walimwambia Eliza. Neno hilo, tutaangalia, nililisikia kwa mama, nikalala nalo Novemba yote.

Mimi na Eliza tulikutana hospitali, nilipokwenda kuchukua dawa za mwezi wa pili. Nilikuwa kwenye benchi lile lile. Nilimwona Glori anakuja mbio, mikono mbele. "Tumai! Tumai!"

"Glori! Rudi hapa!" Sauti ya Eliza ilimsimamisha kila mtu. Alikaa mwisho wa benchi, mtoto amembana magotini. 

"Dada, nisamehe," nilisema.

"Usiniambie nisamehe hapa, watu wanasikiliza." Kisha akaendelea mwenyewe, chini chini. "Wiki tatu. Wiki tatu nakuletea maziwa ya vidonda vya tumbo. Nilikuwa namnyima huyu nakupa wewe. Ungekuwa umeniambia ningeleta vile vile, ningeyaweka mlangoni, basi. Sasa kila asubuhi naponda kidonge kwa kijiko, anatema. Naponda kingine. Analia, nalia. Ndiyo dini yangu siku hizi, kuponda vidonge."

 Wakamwita ndani.

Nilimweleza mama niliyoyasikia. Kesho yake alikata mkungu wa ndizi zilizoanza kuiva, akajaza kikapu, akakipeleka bondeni. "Kidonge kipondwe ndani ya ndizi," alimwagiza msichana aliyekuwa uani kwa Eliza, kisha akaondoka kabla hajafukuzwa. Kwetu kikapu cha mtu hakirudi kitupu. Hata maskini hutia mboga mbili. Wiki iliyofuata kikapu chetu kilikutwa mlangoni. Kilikuwa kitupu, na kimekung'utwa hata majani. Mama alikitazama, akakijaza tena. Kikarudi kitupu. Akakijaza.

Desemba ilipita hivyo, vidonge kwenye kisosi na kikapu kwenye njia ya bondeni. Njaa ikanirudia kama mkwe aliyesusa: nilikula viazi vinne asubuhi nikauliza vya mchana viko wapi. Mizani ya hospitali ilisogea. Jasho liliacha shuka. Siku moja nilikuta pete inakataa kutoka kidoleni, nikakaa chini nikacheka peke yangu. Viungo viliuma, na kuna asubuhi nilichukia kile kisosi kiasi cha kutaka kukirusha kwenye maboga. Mama alikuwa anasimama pale mpaka nimeze, kisha ananiambia nifungue mdomo, kama mtoto. Siku hizo tulikuwa tumeanza kuongea tena, mambo madogo, kuku na mvua.

Jumuiya nayo ilirudi. Walikaa nje uani, kwenye mabenchi, wamejifunga mablanketi, na mimi ndani ya dirisha kama picha kwenye fremu. Nilipoulizwa Neno limenikuta wapi, nilijibu, "Hapa dirishani," na Mzee Shechambo akasema ni anwani inayojulikana. Mara ya kwanza Chakula cha Bwana kilipokaribia, mama alimwandikia mwinjilisti barua ya kuacha kazi ya vikombe. Mwinjilisti hakujibu barua. Jumapili ile jioni aliweka kikapu cha vikombe kwenye ngazi yetu, kitambaa cheupe kimekunjwa juu, kama siku zote, akapiga hodi na kwenda zake. Mama aliviosha huku machozi yanadondokea kwenye beseni, nikamwambia asuuze mara mbili, akanirushia povu.

Lakini nafasi ya Eliza kwenye benchi ilibaki wazi. Hakuna aliyeikalia.

Januari mwishoni, kikapu kikarudi. Mama alikiinua, akahisi kitu kinabingirika. Ndani kulikuwa na kiazi. Kimoja, kilichoota macho.

"Kiazi kimoja!" Mama alishika kiuno. "Kiazi kimoja, Eliza huyu!" Alicheka mpaka akakaa chini, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Oktoba. Hatukukila. Alikipanda karibu na mlango wa jikoni.

Nilimaliza dawa Aprili, masika ikiwa imefunga barabara, nikashuka kwa miguu kipande kikubwa cha njia. Nesi alisoma majibu, akagonga muhuri kwenye kadi yangu, akasema, "Nenda kaandike vitabu vyako." Nilimuuliza habari za mtoto mmoja wa dawa za kinga. Akasema habari za mtoto zipo kwa mama yake. Alisema kweli.

Juni zamu ya jumuiya ikafika kwetu, safari hii ndani. Mzee Shechambo alikuwa ameshaweka kwenye dirisha langu bawaba na komeo, akanionyesha jinsi ya kulifungua na kulifunga, mara tatu, kwa majivuno. "Msumari tena hapana," alisema. Mama alikaanga kiasi cha viazi vya kulisha usharika mzima, na vingine vilitoka kwenye shina lile la mlango wa jikoni.

Eliza alikuja wimbo wa kwanza ukiwa umeshaanza. Alikaa karibu na mlango. Glori alikuwa amerefuka, mashavu yamejaa. Alisimama katikati ya chumba akinitazama, kisha akamtazama mama yake. Wimbo uliendelea lakini sauti zilipungua moja moja, kila mtu akiimba huku anaangalia pembeni. Eliza hakutikisa kichwa, wala hakumwita arudi. Glori akaja, akapanda mapajani pangu, akashika kifungo cha sweta, kile kipya kisichofanana na vingine.

"Hiki siyo," alisema.

"Ndiyo. Kile unacho wewe."

"Mama amekiweka kabatini."

Somo lilisomwa. Zamu ya Eliza ilipofika, mwinjilisti alimuuliza kwa uangalifu, Neno limemkuta wapi.

"Leo halijanikuta," alisema Eliza. "Likinikuta nitawaambia."

"Amina," alisema Mzee Shechambo, na hakuna aliyecheka.

Walipoondoka, Eliza alibaki kumfunga Glori mgongoni. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili, na ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Mama alikuwa amesimama pale, mkono kwenye mlango ulio wazi kabisa, kama alivyozoea miezi yote ile kuuacha wazi kwa ajili ya wageni wanaoogopa. Nilitaka kusema jambo. Nilikuwa nimeliandika na kulifuta mara nyingi.

"Dada Eliza, picha ya mwisho ya Glori..."

"Safi. Kifua chake safi. Alimaliza vidonge vyote, na ndizi zenu zote pia." Alikaza fundo la kitenge, akatoka mpaka kwenye ngazi. Pale akageuka, akautazama mlango, akamtazama mama, kisha mimi, na uso wake ukakunjamana kwa hasira ya zamani, ile ya jirani.

"Baridi yote hii," alisema, "mnakaa mlango wazi kama banda la mbuzi? Mtaugua."

Akanyoosha mkono, akauvuta mlango nyuma yake, taratibu, mpaka komeo likaingia mahali pake.